Kipimo Kizuri cha Makohozi

Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, inafaa apimwe kifua kikuu. Kipimo kizuri kina kazi mbili: kumtambua mgonjwa, na kutomsingizia mzima. Kazi hiyo si ya mpimaji peke yake. Wewe pia una sehemu yako.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu ambacho Robert Koch, mganga Mjerumani, alikitangaza mwaka 1882. Hata kwa darubini hakionekani upesi: vijidudu visipofika 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi, mpimaji aweza kuvikosa. Basi, ukitema mate tu, atatazama kwa bidii asione kitu. Kosa si lake.

Fanya hivi:

1. Sukutua kinywa kwa maji safi.
2. Toka nje penye hewa, mbali na watu.
3. Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kwa nguvu toka ndani ya kifua.
4. Tema ndani ya kikopo, ukifunike vizuri, unawe mikono.
5. Ukiambiwa ulete makohozi ya asubuhi, usikose. Hayo yamekusanyika usiku kucha.

Mzee mmoja aliogopa kutengwa na jirani zake. Akamwomba mdogo wake, mwenye afya, ateme katika kikopo chake. Jibu likatoka: hakuna vijidudu. Mzee akarudi nyumbani kwa furaha, akalala chumba kimoja na wajukuu. Baada ya miezi michache mjukuu akaanza kukonda na kuwa na homa. Ndipo mzee akapimwa tena, na vijidudu vikaonekana. Karatasi ya kwanza ilisema kweli, lakini juu ya mtu mwingine.

Siku hizi mahali pengi kuna mashine ya GeneXpert, inayotambua hata vijidudu vichache. Lakini hakuna mashine inayogeuza mate kuwa makohozi. Na jibu likiwa "hakuna", nawe ungali unakohoa, rudi. Usiogope: kifua kikuu cha kawaida hupona kwa dawa za miezi 6, ukizinywa zote.

Maswali:

1. Kipimo kizuri kina kazi gani mbili?
2. Mate na makohozi vyatofautianaje?
3. Mzee yule alimdanganya nani? Nani aliumia?