Waraka Unaochapwa Mbali: Namna Unavyosafiri na Namna ya Kuitunza Siri Yake

Kabla ya kompyuta kuenea mashuleni, mtihani wa muhula ulitolewa kwa stensili. Mwalimu alipiga chapa maswali juu ya karatasi ya nta, akaifunga karatasi hiyo kwenye mashine ya kudurufu, na nakala zikatoka moja baada ya moja. Kila mwalimu mwangalifu alifahamu kwamba kazi haikuisha nakala zilipotimia. Stensili yenyewe ilibaki na maswali yote, hivyo ilipaswa kuchomwa moto au kufungiwa kabatini. Leo kazi hiyo hufanywa na printa, na pengine printa hiyo ipo mbali na mwenye waraka. Stensili haionekani tena, lakini kanuni yake ingali kweli: kila chombo kinachopitisha waraka kinaweza kubaki na nakala.

Mfano wa Nyakakika

Ichukuliwe shule ya sekondari katika kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Mwalimu ameandika mtihani kwenye kompyuta yake, lakini printa inayofaa kwa kazi hiyo ipo Kayanga, makao makuu ya wilaya. Anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuutuma waraka kwa barua pepe au kwa WhatsApp kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Ya pili ni kuiamuru printa iliyounganishwa na intaneti ichape moja kwa moja, kana kwamba ipo mezani pake. Njia zote mbili huokoa nauli na muda. Swali la msingi ni hili: tangu maswali yanapoondoka Nyakakika hadi yanapotoka yakiwa karatasi, ni nani anayeweza kuyasoma?

Vituo vitano vya safari

Ili swali hilo lijibiwe, safari ya waraka haina budi kugawanywa katika vituo.

Kituo cha kwanza ni kompyuta ya mtumaji. Programu huugeuza waraka kuwa maelezo ambayo printa inayaelewa, kisha huyaweka katika faili la muda, ndani ya foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa.

Kituo cha pili ni njia yenyewe. Maelezo hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubandikwa anwani. Pakiti hupita kwenye minara ya simu, nyaya za nuru na mitambo mingi ya kuelekeza, ambayo mtumaji haijui wala haimiliki.

Kituo cha tatu ni seva ya kati. Huduma nyingi za uchapaji wa mbali hupokea waraka kwanza kwenye seva ya kampuni, na seva hiyo yaweza kuwa katika nchi nyingine. Google ilianzisha huduma ya namna hiyo, Google Cloud Print, mwaka 2010, ikaifunga tarehe 31 Desemba 2020.

Kituo cha nne ni printa. Ndani yake mna kompyuta ndogo yenye kumbukumbu, na baadhi ya mashine kubwa za ofisi zina diski inayoweza kuhifadhi kazi zilizochapwa hata baada ya umeme kuzimwa.

Kituo cha tano ni trei, ambamo karatasi huangukia na kumsubiri mwenyewe.

Milango ya printa

Kompyuta huzungumza na printa kupitia milango yenye namba. Mlango namba 9100 hupokea data kama ilivyo, bila kuuliza anayetuma ni nani. Mlango namba 631 ni wa Itifaki ya Uchapaji kwa Intaneti, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1999. Itifaki hiyo inaweza kudai jina na neno la siri, na inaweza kufumba maandishi yanayopita.

Watu wengi hudhani kwamba printa ya mji mdogo haiwezi kugunduliwa na mgeni. Hesabu inakanusha dhana hiyo. Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ambao ungali unatumika, una anwani 2 kwa kipeo cha 32, yaani takriban bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi inaweza kuzibishia hodi karibu zote kwa muda usiofika saa moja. Mwezi Agosti 2020 watafiti wa CyberNews walizijaribu printa 50,000 zilizoachwa wazi kwenye intaneti, na printa karibu 28,000 zilitii amri yao, zikachapa maelezo ya namna ya kujilinda. Kwa hiyo umbali wa Kagera si kinga, kwani kwenye intaneti kila mlango ulio wazi uko barazani.

Usimbaji fiche

Kinga ya kituo cha pili ni usimbaji fiche, yaani kuyageuza maandishi kwa kanuni na ufunguo, ili asiye na ufunguo asiyaelewe. Wanafunzi wanaweza kuona wazo hili kwa mfano mwepesi. Kila herufi isogezwe nafasi tatu mbele katika alfabeti ya herufi 26. K huwa N, A huwa D, R huwa U, na neno KARAGWE huwa NDUDJZH. Ufunguo hapa ni namba 3.

Siri hii ni dhaifu kwa sababu mbili. Kwanza, funguo ni 25 tu, na mtu anaweza kuzijaribu zote kwa kalamu. Pili, A iliyotokea mara mbili imekuwa D mara mbili, hivyo umbo la neno bado linajidhihirisha. Kanuni ya AES, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kutumika duniani kote, huondoa udhaifu wote huo. Katika namna yake fupi, idadi ya funguo ni 2 kwa kipeo cha 128, namba yenye tarakimu 39. Kompyuta inayojaribu funguo bilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka ambayo idadi yake ina tarakimu 23 ili kuzimaliza.

Mahali ambapo ufunguo hausaidii

Hata hivyo, usimbaji fiche huilinda njia, hauzilindi ncha zake. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufumbwa toka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji. Lakini mtihani uliotumwa dukani hufumbuliwa pale pale unapofika, ukahifadhiwa katika simu au kompyuta ya duka pamoja na vyeti, mikataba na barua za wateja wengine. Mteja anayefuata, akiruhusiwa kutafuta faili lake mwenyewe, huyaona yote. Stensili imeachwa juu ya meza.

Hasara yake si ndogo. Mtihani uliovuja hauwapimi tena wanafunzi, na aliyejitayarisha kwa bidii hulinganishwa na aliyenunua maswali. Vivyo hivyo, barua ya hospitali au nakala ya kitambulisho ikisomwa na asiyehusika, haiwezekani kumfanya aisahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kushughulikia taarifa za watu wazilinde.

Hatua za kuchukua

1. Printa isiunganishwe na intaneti bila neno la siri, na milango isiyotumika ifungwe.
2. Mtihani utumwe ukiwa faili lililofungwa kwa neno la siri, na neno hilo lipelekwe kwa njia nyingine, kama vile kwa sauti ya simu.
3. Pale printa inapoweza, kazi isubiri ndani ya mashine hadi mwenyewe afike na kubonyeza namba yake ya siri.
4. Baada ya kuchapa, faili lifutwe kwenye simu, kompyuta na pipa la taka la kompyuta, mwenyewe akishuhudia.
5. Mashine yenye diski isiuzwe wala kutupwa kabla diski haijafutwa kwa ukamilifu au kuharibiwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia ufunguo 3, simba neno BUKOBA. Ni herufi ipi inayojirudia, na hilo linamsaidiaje anayetaka kuifumbua siri?
2. Kwa kila kimoja cha vituo vitano, taja nakala inayoweza kubaki na mtu anayeweza kuifikia.
3. Shule ina fedha za kununua printa moja ndogo, au za kulipia uchapaji Kayanga kwa mwaka mzima. Linganisha njia hizo mbili kwa gharama na kwa usiri, kisha utoe uamuzi wenye sababu.