UPANGA WA KIJAPANI NA SAYANSI YA CHUMA: NAMNA YA KUUTAMBUA ULIO WA KWELI KWA FEDHA KIDOGO

Utangulizi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945) vijana wengi wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyeji waliliita Keya. Miongoni mwao walikuwamo Wakuria na watu wengine wa eneo ambalo leo ni Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Tanganyika ndani yake, ilipelekwa Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, kupigana na Wajapani. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw katika majira ya mvua kubwa, na mwezi wa Desemba 1944 ikaufikia mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin.

Maofisa na masajini wa jeshi la Japani walivaa panga viunoni. Japani iliposalimu amri, Agosti 1945, maofisa wake katika Asia ya Kusini-Mashariki waliamriwa kukabidhi panga zao. Nyingi zilichukuliwa na washindi kuwa kumbukumbu, nazo huuzwa hadi leo, hasa Uingereza, Marekani na Australia.

Mwalimu wa historia anayetaka kuonyesha upanga mmoja shuleni, au mjukuu wa askari wa Keya anayetaka kukumbuka safari ya babu yake, ana haja inayoeleweka. Lakini panga za bandia ni nyingi, na mwenye fedha kidogo akidanganywa mara moja hana za kununulia mara ya pili. Kinga yake ni elimu ya chuma, ambayo sehemu yake kubwa imo katika masomo ya kemia na fizikia ya sekondari.

Chuma na kaboni

Chuma kitupu ni laini; hupindika upesi na hakishiki makali. Kikichanganywa na kaboni kidogo huwa chuma cha pua. Msumari wa kawaida huwa na kaboni isiyozidi asilimia 0.25 hivi, springi bapa ya gari huwa na asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, tupa huwa na asilimia 1 au zaidi. Ndiyo sababu mhunzi anayetaka kufua panga la shambani huchagua springi ya gari kuukuu na kuacha nondo. Waturi, wahunzi wa asili wa nchi ya Mara, waliijua tofauti ya chuma na chuma kwa mlio wa nyundo na rangi ya moto kabla kemia haijafundishwa darasani.

Chuma cha pua kikipashwa moto kupita nyuzi 727 za Sentigredi, mpangilio wa atomi zake huanza kubadilika, na kaboni huyeyuka ndani yake. Kikipoozwa taratibu, kaboni hupata muda wa kujitenga, na chuma hurudia ulaini wake. Kikizamishwa ghafla majini, kaboni hunaswa kabla ya kutoka. Umbo linalopatikana huitwa martensaiti. Ni gumu sana, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo mhunzi hukipasha tena moto mdogo, kiasi cha nyuzi 200 hadi 300, ili kipunguze ugumu na kiongeze ustahimilivu.

Njia mbili za kufua upanga

Mfuaji wa jadi wa Japani alitumia chuma kilichoyeyushwa kutokana na mchanga wa chuma na makaa. Alikifua, akakikunja na kukifua tena mara nyingi ili kutoa taka na kusambaza kaboni. Kabla ya kukizamisha majini alikipaka udongo: mwembamba kwenye makali, mnene kwenye mgongo. Makali yakapoa upesi na kuwa magumu. Mgongo ukapoa polepole na kubaki na ustahimilivu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huonekana kama mstari mweupe wenye mawimbi.

Mahitaji ya vita yalipoongezeka, mafundi wa jadi hawakutosha. Viwanda vikatengeneza panga kwa vyuma vya kawaida na mashine, na nyingi zilizamishwa katika mafuta badala ya maji. Mafuta hupooza polepole zaidi, hivyo bapa huwa na hatari ndogo ya kupasuka. Lakini mstari wa makali huwa hafifu au hauonekani kabisa. Upanga wa namna hii ni wa kweli kama kifaa cha vita, ingawa si kazi ya sanaa. Mnunuzi asichanganye mambo hayo mawili, kwa maana hapo ndipo wauzaji wengi hupandishia bei.

Upanga gani kwa fedha kidogo?

Panga za maofisa zilizotumika zaidi vitani ni za mtindo wa mwaka 1934 na wa mwaka 1938. Mpini wake umefunikwa kwa ngozi ya samaki aina ya taa na kuviringishiwa utepe. Baadhi zina mabapa ya jadi, na hizo ni ghali. Upanga wa sajini uliidhinishwa mwaka 1935. Ulitengenezwa kwa wingi kiwandani, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya upanga wa ofisa wenye bapa la jadi. Kwa mwenye fedha kidogo huu ndio wa kutafutwa kwanza. Kutu kidogo au ala iliyobonyea hupunguza bei bila kuondoa ukweli wa kitu. Ufa kwenye makali, hata ukiwa mdogo, ni kasoro isiyoponyeka.

Uchunguzi kabla ya kununua

1. Namba. Upanga wa sajini huwa na namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na mpini, na nyingine kwenye ala. Namba zikilingana, thamani huongezeka. Zikitofautiana, yawezekana ala ilibadilishwa. Namba zilizogongwa ovyo, zisizo na kina sawa, ni dalili ya bandia.

2. Sumaku. Mpini wa upanga wa sajini ulitengenezwa kwa shaba, baadaye kwa alumini iliyopakwa rangi, na mwisho wa vita kwa mti. Vitu hivyo vyote havivutwi na sumaku. Mpini wa chuma uliofichwa chini ya rangi hujifichua mara moja.

3. Mkia wa bapa. Katika upanga wa ofisa, sehemu ya bapa iliyo ndani ya mpini hushikwa kwa kijiti. Kijiti kikitolewa, mkia huonekana pamoja na jina la mfuaji au muhuri, ikiwa vipo. Kutu ya miaka mingi ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, tena imeshikamana. Kutu ya rangi ya chungwa inayopukutika mara nyingi ni ya karibuni, na huenda imeletwa na asidi.

4. Mstari wa makali. Mstari wa kweli umo ndani ya chuma, na kwa lenzi ya mkono huonekana chembe ndogo zinazong'aa. Mstari uliochorwa kwa asidi hulala juu tu, nao una weupe wa namna moja.

Utunzaji na tahadhari

Mkia wa bapa usisuguliwe kamwe. Kutu yake ndiyo ushahidi wa umri. Ikiondolewa, ukweli wa upanga huwa mgumu zaidi kuthibitishwa. Bapa lisinolewe kwa tupa wala jiwe. Lipakwe mafuta mepesi tu. Upanga wa kiwandani usipelekwe Japani kwa uchunguzi, kwa kuwa sheria ya huko haiandikishi mabapa yasiyofuliwa kwa jadi. Kabla ya kuagiza, mnunuzi aulize polisi na forodha. Tarime imewahi kuona mapigano ya koo. Kwa hiyo upanga wa maonyesho ni lazima ukae ndani ya kabati lenye kufuli.

Jaribio

Chini ya usimamizi wa mwalimu, pasha sindano tatu za kushonea hadi ziive na kuwa nyekundu, ukizishika kwa koleo. Ya kwanza iache ipoe hewani. Ya pili na ya tatu zizamishe majini. Isugue ya tatu ing'ae, kisha ipashe taratibu mpaka igeuke rangi ya buluu. Vaa miwani ya kinga, halafu jaribu kupinda zote kwa koleo. Rudia kwa msumari mwembamba.

Maswali

1. Ni sindano ipi iliyovunjika, na ni ipi iliyorudi kama springi? Eleza kwa kutumia habari ya kaboni.
2. Kwa nini msumari haukuwa mgumu kama sindano?
3. Kwa nini udongo mnene ulipakwa kwenye mgongo wa upanga?
4. Muuzaji amesugua mkia wa bapa mpaka unang'aa, naye anasema ameongeza thamani. Mjibu kwa hoja za sayansi.