Mbwa wa Mawindo na Mpaka wa Jirani

Ndugu wananchi wa pande zote mbili za mpaka, somo letu la leo lahusu jambo linaloanza kwa mbwa kubweka na ambalo, lisipotatuliwa mapema, huweza kuishia kwa mikuki: kuwinda pongo na nsya kwa mbwa karibu na ardhi ya watu wengine.

Wawindaji husema kwamba mawindo waliyarithi kwa babu zao, kwamba pongo huwalia maharage, na kwamba mbwa hajui mpaka. Wenye mashamba hujibu kwamba mimea yao hukanyagwa, mbuzi wao huumwa, na watu wasiowafahamu hupita uani kwao alfajiri wakiwa na silaha. Ni kweli mbwa hajui mpaka. Lakini mwenye mbwa anaujua, naye ndiye aliyemfungulia.

Hata palipo na mawindo halali, mgogoro huu upo. Katika jimbo la Virginia, Marekani, ambako kuwinda kulungu kwa mbwa huruhusiwa katika sehemu kadhaa, sheria humruhusu mwindaji kuingia katika ardhi aliyokatazwa ili amchukue mbwa wake. Hata hivyo, haruhusiwi kubeba bunduki wala upinde, wala kuwinda humo, na mwenye ardhi akimuuliza jina hana budi kujitambulisha. Pamoja na hayo, mabishano hayajakoma.

Kwetu sheria ni kali zaidi. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 imewaweka wanyamapori chini ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na kuwinda bila kibali ni kosa. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mlima Elgon una hifadhi ya taifa katika kila upande. Kwa hiyo anayevuka mpaka akimfuata mbwa wake hakimbii sheria, bali anaingia katika sheria nyingine.

Afya nayo imo hatarini. Mwaka 1994, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kichaa cha mbwa nacho, dalili zake zikishamtokea binadamu, karibu kila mara huua.

Kwa hiyo tunawasihi mzingatie haya:

1. Mchanjeni kila mbwa, na msimwachie azurure usiku.
2. Mbwa akiingia kwa jirani, mfuateni bila mkuki wala panga, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye shamba au kupitia mwenyekiti wa kijiji.
3. Mwenye shamba asiue mbwa wala kutega sumu, kwani sumu haichagui. Huua mifugo na tai pia. Atunze ushahidi wa hasara na atoe taarifa.
4. Wanyama wakiharibu mazao, waarifiwe maofisa wa wanyamapori.
5. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Polisi hatuna ugomvi na mbwa. Hao hao ndio walinzi wa maboma yetu. Tunachokataa ni kumfanya mbwa kisingizio cha kuvunja sheria na kuvunja ujirani. Pongo mmoja huliwa siku moja, ilhali chuki ya mpakani hurithiwa na watoto.