Kidonge Kizuri Huanzia Kwenye Uji!

Tuseme uko Ijumbi, wilayani Muleba, na kichwa kinakugonga. Unapewa parasetamoli, kila kidonge miligramu 500. Je, umewahi kujiuliza kiwandani wanafanyaje hadi kila kidonge kiwe na 500, siyo 300 wala 700? Amini usiamini, uji una kazi kubwa hapo.

Kwa nini uji?
Mashine ya vidonge haipimi kwa mizani. Inajaza tundu dogo, kisha inabana. Unga laini hautiririki vizuri, na tundu likijaa nusu, nawe umepata nusu dozi! Tena unga wa parasetamoli peke yake haushikani vizuri. Kwa hiyo unalowanishwa kwa gundi, kwa mfano uji wa wanga wa mahindi au muhogo, ili uwe punje. Punje zinakaushwa, zinachekechwa, ndipo zinabanwa.

Gundi na ukubwa wa punje
• Gundi nyepesi husambaa upesi. Punje huwa ndogo, lakini ikizidi wepesi hazina nguvu. Zikikauka zinarudi kuwa unga.
• Gundi nzito hushika sana. Punje huwa kubwa na ngumu. Ila haisambai vizuri: hapa bonge, pale unga mkavu.
• Gundi nyingi mno, basi hiyo siyo punje tena, ni donge la ugali.
• Tone kubwa huzaa punje kubwa. Ndiyo maana gundi nyepesi inaweza kunyunyizwa kwa matone madogo.

Kuna hatari gani?
Punje zikipishana sana ukubwa, ndogo hujitenga na kubwa, na vidonge havilingani uzito. Zikiwa ngumu mno, kidonge kinachelewa kumomonyoka tumboni. Kipimo cha kawaida kwa kidonge kisicho na ganda ni kimomonyoke ndani ya dakika 15, kwenye maji ya nyuzi 37.

Jaribu mwenyewe
Chukua unga wa mahindi (siyo dawa!), uweke kwenye sahani tatu, kiasi kilekile. Ya kwanza tia kijiko cha maji, ya pili uji mwepesi, ya tatu uji mzito uliopoa. Changanya kwa vidole, anika juani, kisha chekecha. Sahani ipi ina mabonge? Ipi imerudi kuwa unga?

Kumbuka!
Kidonge kimepimwa tangu punje ya kwanza, usikiharibu wewe. Kiache kwenye pakiti yake, mbali na unyevu. Usikisage bila kumuuliza mfamasia au muuguzi, maana vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole. Ukikuta kinamomonyoka mkononi au kimebadilika rangi, usimeze, kirudishe ulikokipata. Na kama una homa, usiishie kwenye parasetamoli: nenda ukapime malaria.

Sasa jadili na wenzako: kidonge kigumu kama jiwe ni dawa bora? Kwa nini?