Ndege Ndogo Katika Anga la Lualaba

Mtu asimamaye karibu na kiwanja cha ndege cha Kolwezi asubuhi mapema aweza kuona jambo la kumshangaza. Ndege ndogo yenye mashine moja iko tayari, lakini rubani hajapanda. Aizunguka polepole, agusa mabawa, atazama magurudumu. Kisha atoa mafuta kidogo, ayatia katika kichupa cha kioo, ayainua kwenye mwanga. Anatafuta nini? Anatafuta maji. Maji yakichanganyika na mafuta, mashine yaweza kuzimika angani, na huko juu hakuna kando ya njia pa kusimama.

Halafu apima mizigo. Gunia la unga, sanduku la dawa, kuku wawili, hata mama aliyevaa kitenge chake kizuri cha safari: wote hupanda juu ya mizani. Watu hucheka. Rubani hacheki.

Sababu ni hii. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,500 kupita usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi zaidi. Na hewa ndiyo ibebayo mabawa. Tena mashine yenyewe yala hewa kama moto wa jiko. Jua likiwa kali, hewa yazidi kuwa nyepesi. Basi ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, ambayo huko Moanda kando ya bahari yaruka upesi, hapa wakati wa joto yakimbia mbali sana kabla ya kuacha ardhi, nayo yapanda kwa shida. Kiwanja kikiwa kifupi, na mwisho wake pana miti au kichuguu cha mchwa kirefu kupita nyumba, kama vilivyo vingi katika Katanga, haitapita. Ndiyo maana marubani wenye akili hupenda kuondoka alfajiri.

Tena si uzito tu; mahali pa uzito pia ni jambo kubwa. Wavuvi wa Lualaba walijua hayo kabla ya ndege kuwako. Watu wote wakikimbilia kichwa cha mtumbwi, mtumbwi huzama kwa mbele. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ilikuwa ikikaribia kutua Bandundu, nayo ilikuwa na watu 21. Iliangukia nyumba. Watu 20 walikufa. Yule mmoja aliyepona alisimulia kwamba mamba, aliyefichwa katika mfuko wa abiria, alitoka. Watu wakashikwa na hofu, wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza mizani yake.  Kwa masimulizi hayo, waliouawa waliuawa na mbio, si na mamba.

Hatari nyingine ni mawingu. Kuanzia Oktoba au Novemba hata Aprili, majira ya mvua, wingu huota mchana kama uyoga. Hupanda juu kupita mlima wo wote wa Afrika, na kichwa chake hupanuka kama fuawe ya mhunzi. Ndani yake upepo mmoja wapanda na mwingine washuka, kwa nguvu ya kuvunja bawa. Mvua ya mawe hupiga, radi hupasua. Rubani akiona fuawe hiyo, huizunguka kwa mbali au hurudi alikotoka.

Mwanzoni wengi hawakuwa na habari za kutosha za mawingu hayo. Edmond Thieffry, Mbelgiji aliyekuwa rubani katika vita vya 1914 hata 1918, aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 pamoja na wenzake wawili, akafika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari ilikuwa ya siku 51. Lakini saa walizoruka kweli zilikuwa kama 75 tu. Siku nyingine zote zilipita katika kutengeneza, kungoja na kusumbuka. Watu walimshangilia sana. Miaka minne baadaye alirudi Kongo ili kutafuta njia za ndege za ndani ya nchi. Tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ndogo ilikutana na dhoruba karibu na ziwa Tanganika, ikaanguka, naye akafa. Alikuwa na miaka 36. Alikuwa amevuka jangwa la Sahara, na wingu la Kongo lilimshinda.

Wakati wa kiangazi mawingu hayapo, lakini moshi upo. Watu huchoma majani ya pori, na mwezi wa Agosti anga lote laweza kuwa la kijivu, hata rubani asione mbali. Zamani wengi walifuata reli, au mto Lualaba kutoka ziwa la Nzilo hata Bukama. Siku hizi chombo kinachopokea ishara za setilaiti chamwonyesha mahali alipo. Ni msaada mkubwa, lakini hakimwonyeshi mbuzi.

Ndiyo, mbuzi! Katika viwanja vya vijijini, ambavyo ni majani yaliyokatwa tu, rubani hupita kwanza chini chini bila kutua, ili mbuzi wakimbie, na watoto pia. Mtoto avukaye kiwanja ili atazame ndege kwa karibu aweza kumlazimisha rubani kuipindua.

Hata kiwanja cha lami hakiondoi hatari. Tarehe 17 Novemba 2025, ndege iliyomleta Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, ilitoka nje ya njia yake ilipotua Kolwezi, ikawaka moto. Haikuwa ndogo kama hizi. Wote walitoka wazima kwa kuwa walitoka upesi.

Sasa fikirini rubani wetu wa asubuhi. Katika kijiji karibu na ziwa Upemba mgonjwa anangoja dawa, na yeye amechelewa kwa sababu ya ukungu. Sasa ni mchana, na upande wa kaskazini fuawe nyeusi imesimama. Ndugu wa mgonjwa wamsihi: «Bwana, ni safari fupi tu!» Rubani atazama mbingu muda mrefu. Kisha afunga ndege kwa kamba, awaambia, «Kesho, alfajiri.» Wanaondoka wamenuna, wala hawamwagi.

MASWALI

Kwa nini rubani hutazama mafuta katika kichupa?
Ndege yapanda vizuri zaidi wakati gani hapa Kolwezi: alfajiri au mchana? Eleza sababu.
Thieffry alikufa miaka mingapi baada ya kufika Léopoldville?
Je, rubani alifanya vema kungoja? Na kama mgonjwa angekuwa ndugu yako?