Somo Letu: Kununua Gari Lililokwisha Kutumika

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukimalizika na fedha zikapatikana, wengi wetu hufikiri juu ya gari la nyumbani, la kupeleka watoto skuli, mgonjwa hospitali na magunia kituoni. Wengi huvuka kwenda Dar es Salaam kulitafuta, maana huko magari ni mengi. Hapana ubaya. Lakini mkarafuu hauzai sana kila mwaka, na aliyepoteza fedha zake leo huenda akangoja misimu kadhaa kabla ya kuzipata nyingine. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza mambo ya kutazama kabla ya kulipa.

Sisi wenye karafuu tunajua ya kuwa mnunuzi hatazami juu ya gunia tu. Hutia mkono mpaka chini, atazame kama pana makonyo au karafuu mbichi. Mtume (S.A.W.) naye alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikapata umajimaji, akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyolowa chini. Muuzaji ana wajibu wa kusema aibu ya mali yake. Na sisi wanunuzi tuna wajibu wa kutia mkono.

KWANZA: KARATASI. Mwenzetu mmoja alikwenda Kariakoo akaonyeshwa Noah nyeupe, safi, inang'aa. Dalali akampa nakala ya kadi, akasema kadi yenyewe anayo mwenye gari, naye yu safarini. Mwenzetu akalipa nusu ya bei akakabidhiwa ufunguo. Baada ya siku nne ikadhihirika ya kuwa kadi iko rehani kwa mkopeshaji, na deni halijalipwa. Gari likachukuliwa, dalali hakuonekana tena, na mwenzetu akarudi kwa boti na begi lake tu. Gari lenyewe halikuwa na ubaya wo wote. Ubaya ulikuwa katika karatasi.

Basi takeni kadi yenyewe, si nakala. Jina lililo katika kadi liwe sawa na la kitambulisho cha anayeuza. Nendeni naye pamoja katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mpate hakika ya kadi, kwani huko ndiko jina la mwenye gari hubadilishwa. Mapatano yaandikwe mbele ya wakili na mashahidi. Namba ya chesisi na ya injini zisomwe juu ya gari lenyewe, tarakimu moja moja, zilinganishwe na kadi. Mkiona pamekwaruzwa au pamepigwa upya, ondokeni. Faini za barabarani nazo hutazamwa kwa namba ya gari katika mtandao wa Jeshi la Polisi.

Tena msidanganyike na herufi. Watu wa Dar es Salaam husema "gari hili namba D" au "namba E", na bei hupanda kwa herufi hiyo. Herufi yaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania Bara, si mwaka lilipotengenezwa. Huenda lilitumika Japani miaka kumi na zaidi kabla ya kuletwa. Mwaka wa kutengenezwa usomeni katika kadi.

PILI: BODI. Tazameni gari mchana, likiwa kavu; mvua na rangi mpya huficha mengi. Chukueni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa mkaipitishe juu ya bodi. Isiposhika penye bati, huenda pana puti chini ya rangi, na huenda gari liligongwa.

Karibu na Kariakoo liko bonde la Msimbazi, na Jangwani hufurika mvua kubwa zikinyesha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu mali nyingi. Gari lililozama hukaushwa, hupuliziwa manukato, likauzwa. Inueni zulia mtazame kutu katika bolti za viti. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho. Tope hubaki humo. Funueni pahali pa tairi la akiba mkanuse.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani sana halifai hata kama meno yake ni marefu.

TATU: INJINI. Fikeni asubuhi, mguse boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, mtu ameliwasha mapema, labda kuficha ugumu wa kuwaka, ngojeni lipoe. Fungueni kifuniko cha oili. Mkiona utando kama maziwa, huenda maji yameingia katika oili, na hiyo ni kazi ya fedha nyingi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, mara nyingi ni maji. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri.

Kilomita za dashibodi zaweza kurudishwa nyuma. Zilinganisheni na mpira wa pedeli, usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita chache haliwi na pedeli iliyolika.

NNE: BARABARANI. Mitaa ya Kariakoo imejaa watu na mikokoteni. Humo gari bovu na zima huenda mwendo mmoja. Litoeni mpaka barabara ya Kilwa. Sikilizeni gia zinavyobadilika, kama zinashtuka au kuchelewa. Pigeni breki mahali salama, mwone kama gari lavuta upande mmoja. Mkisimama, bonyezeni kila pembe. Likirukaruka, shokapu zimechoka.

TANO: FUNDI. Nendeni na fundi wenu, si wa dalali. Mafundi wako Gerezani, hatua chache tu. Mlipeni ujira wake mnunue msinunue, asione faida katika kusema gari ni zima. Kila kasoro atakayoitaja, ulizeni siku ile ile bei ya kipuri chake katika maduka ya Kariakoo, mkaipunguze katika bei ya gari.

SITA: KURUDI NYUMBANI. Gari la Bara likiletwa kwetu likae, lina taratibu zake za ushuru na usajili. Ulizeni Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) kabla ya kuvuka, na nauli ya meli iingizwe katika hesabu. Kutu iliyokwisha kuanza chini ya gari itakwenda mbio kwa upepo wetu wa chumvi.

Yasemwa jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Waingereza walioteka mji ule mwaka 1916. Wapagazi wale walibeba mizigo ya watu wengine. Sisi tusiende Kariakoo kununua mzigo wa mtu mwingine.

Mwanachama atakaye kwenda na apite ofisini kwanza, tumpe mwenzake wa kufuatana naye. Anayetaka kununua huona uzuri. Aliye pembeni huona kutu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu