Somo la Nyumbani: Fedha za Ghafula na Daftari



Somo la mwezi huu lahusu fedha zinazomfikia mtu kwa mara moja, nazo si nyingi za kumtajirisha, wala si chache za kununulia sukari na kwisha. Mfano ulio wazi ni zawadi ndogo ya bahati nasibu. Lakini somo hili lawahusu pia wale wasiocheza mchezo huo maisha yao yote: anayelipwa kiinua mgongo, anayelipwa fidia ya shamba lililopitiwa na barabara, aliyeuza mavuno ya mwaka, na aliyepata sehemu yake ya mirathi. Wote hao huulizwa swali moja: Utazifanyia nini?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tutaitumia methali hiyo kuwa msingi wa somo letu.

1. Tusizitegemee

Kabla ya kuendelea, yafaa tufanye hesabu fupi. Bahati nasibu ya Uingereza, ilipoanza mwaka 1994, ilimtaka mchezaji achague namba 6 katika namba 49. Namna za kuchagua namba hizo ni 13,983,816. Mtu akinunua tiketi moja kila wiki, kwa wastani atahitaji zaidi ya miaka 268,000 ili apate zawadi kubwa mara moja. Wazee watakumbuka tiketi za Bahati Nasibu ya Taifa hapa kwetu. Siku hizi michezo ya namna hiyo imo ndani ya simu, na kijana aweza kuicheza akiwa kitandani. Chombo kimebadilika, hesabu ni ile ile: zawadi hulipwa kutokana na fedha za waliokosa, na mwenye mchezo huchukua sehemu yake kwanza. Basi mtu asiweke ada ya mtoto katika tumaini hilo.

Tena tahadhari. Ukipata ujumbe kwamba umeshinda mchezo ambao hukuucheza, na kwamba utume fedha kidogo ili upewe zawadi, usitume hata shilingi. Hakuna mshindi wa kweli anayedaiwa nauli ya zawadi yake.

2. Majibu ya wanafunzi

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu, nilizoea kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza insha hii: “Ukipata fedha za bahati nasibu zilizo sawa na mshahara wa mwalimu wa mwaka mmoja, utafanya nini?” Insha zilikuwa nzuri, na mioyo ya waandishi ilikuwa mizuri vilevile. Huyu atamjengea mama yake nyumba, yule atanunua cherehani, mwingine atawalipia wadogo zake ada, na wengi walikumbuka kanisa au msikiti wa kwao. Ulevi haukutajwa.

Lakini nilipozisahihisha kama karatasi za hesabu, nilikuta makosa matatu, nayo yakarudi mwaka baada ya mwaka.

Kwanza, hapakuwa na bei. “Nitajenga nyumba” ni maneno mawili yanayohitaji mifuko ya saruji, mbao, bati na fundi. Bila bei hatujui kama tumeandika mpango au ndoto.

Pili, fedha zile zile zilitumika mara mbili. Katika aya ya kwanza zilijenga nyumba, katika aya ya pili zikafungua duka. Ukijumlisha, mwandishi ametumia mara tatu ya alizopewa.

Tatu, hapakuwa na madeni. Ni nadra sana kupata aliyeandika, “Kwanza nitamlipa ninayedaiwa naye,” na hali wengi wao walikuja chuoni kwa fedha zilizokopwa na wazazi.

Makosa hayo hayakutokana na tamaa. Watu hao hawakuwahi kushika fedha za namna hiyo, na mtu hawezi kujua uzito wa mzigo ambao hajaubeba.

3. Yaliyochunguzwa mahali pengine

Huko Florida, Marekani, wataalamu watatu wa uchumi, Scott Hankins, Mark Hoekstra na Paige Marta Skiba, walitoa mwaka 2011 uchunguzi wao juu ya washindi wa bahati nasibu ya jimbo hilo. Waliwalinganisha waliopata kati ya dola 50,000 na 150,000 na waliopata chini ya dola 10,000. Kwa maisha ya kule, fedha hizo za kwanza zaweza kulipa madeni, lakini hazitoshi kumwachisha mtu kazi. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliopata zaidi hawakufilisika kwa wingi kama wenzao. Lakini baina ya mwaka wa tatu na wa tano walifilisika kwa wingi kuliko wenzao, hata jumla ikawa karibu sawa. Fedha ziliisogeza mbele siku ya kufilisika, hazikuiondoa.

Sasa tuangalie karibu na kwetu. Katika Rarieda, upande wa Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya maskini kuanzia mwaka 2011. Kaya zilichaguliwa kwa kura, na fedha zikatumwa kwa simu. Kaya nyingi zilipata kama dola 400, na baadhi zikapata zaidi. Wengine walipewa kwa mkupuo, wengine kidogo kidogo kila mwezi. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha matokeo mwaka 2016. Watu walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo, na wengi waliondoa nyasi wakaezeka bati. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Tena waliopewa kwa mkupuo walielekea zaidi kununua vitu vya kudumu, na waliopewa kila mwezi walielekea zaidi kuhakikisha chakula.

Kwa nini wa Rarieda, walio maskini kuliko wale wa Florida, walionekana kuzishika vizuri? Haya ni maoni yangu tu: mtu anayelala chini ya nyasi zinazovuja huhesabu bati kila mvua inaponyesha. Fedha zilipofika, hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa zamani. Hilo ndilo ninalotaka tulishike: hesabu itangulie, fedha zifuate.

4. Daftari la nyumbani

Tuseme nyumba moja katika mtaa wetu imepata shilingi 3,000,000. Mume na mke waketi mezani, si siku ile ile ya furaha, bali baada ya siku chache, nao waandike hivi. (Bei hizi ni za mfano, kila mmoja aulize dukani kwake.)

Madeni: duka la jirani na mkopo wa kikundi, 600,000.
Paa: bati 25 kwa shilingi 32,000 kila moja, yaani 800,000, mbao, misumari na fundi, 300,000. Jumla 1,100,000.
Mtaji: kuku na banda lao, 450,000.
Akiba ya ugonjwa na msiba: 300,000.
Ndugu: 250,000.
Fungu la kumi: 300,000.
Jumla: 3,000,000.

Angalieni mpangilio. Deni limetangulia, kwa kuwa fedha za deni si zetu tena. Tumezishika kwa niaba ya mwenyewe. Kisha limefuata jambo moja kubwa linaloweza kumalizika. Nasema moja. Ni heri paa moja lililokamilika kuliko msingi wa nyumba, nusu ya banda na cherehani lisilo na meza. Kisha kimefuata kitu cha kuzaa fedha nyingine, nacho kiwe kazi ambayo mmoja wa nyumba hiyo anaijua tayari. Asiyewahi kufuga kuku watano asianze na mia mbili kwa sababu tu amepata fedha.

Msomaji atauliza: Je, nguo mpya? Je, pilau ya kuwashukuru majirani? Si vibaya kufurahi. Lakini katika daftari kuna sheria moja: kila kinachoongezwa sharti kiondolewe mahali fulani, na mahali hapo pataandikwa. Ukitaka pilau ya 80,000, andika kwamba akiba sasa ni 220,000, au kwamba kuku wamepungua. Mkiiona hasara yake mkakubaliana, pikeni kwa amani. Fedha nyingi za ghafula haziliwi na jambo moja kubwa. Huliwa na mambo ishirini madogo ambayo kila moja lilionekana haligusi kitu.

5. Ndugu

Hapa ndipo penye ugumu, nasi tusipapite haraka. Habari za fedha hutembea kuliko gari. Kabla ya juma kwisha, watakuja mjomba, shemeji, mtoto wa dada, na rafiki wa utotoni. Wako wanaofundisha kwamba dawa ni kuficha. Sikubaliani nao. Afichaye kwa ndugu huanza kuficha kwa mkewe, na nyumba yenye fedha za siri ina hasara kuliko nyumba isiyo na fedha.

Nashauri tuwagawe wanaokuja katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale waliotubeba. Mjomba aliyeuza mbuzi ili wewe uende shule si mwombaji. Dada aliyekuuguza hospitali mwezi mzima si mwombaji. Hao ni wadai, ingawa hawakuandikiana nawe hati. Waandike katika mstari wa madeni, na ikiwezekana uwaendee kabla hawajaja. Ni jambo la kutia uchungu kumwona mzee akibisha hodi, kofia mkononi, kwa kijana aliyemsomesha.

Fungu la pili ni wenye shida ya leo. Kwa hao kuna kiasi kilichoandikwa, na kikiisha kimeisha. Waambie kweli: “Tulitenga kiasi hiki kwa ajili ya ndugu, nacho kimekwisha.” Ni jibu linaloheshimu kuliko “njoo kesho” mara kumi. Inapofaa, lipa shida yenyewe: peleka ada shuleni, nunua dawa. Na mtu akiomba kukopa, mpe kile tu ambacho hata kisiporudi hamtagombana.

6. Neno juu ya kanisa

Wako Wakristo wanaokataa bahati nasibu kabisa, na wako wanaoiona ni mchezo tu. Kanisa la Kianglikana lina historia ndefu na jambo hili. Mwaka 1569, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, bahati nasibu ya kwanza ya taifa la Uingereza ilichezeshwa mlangoni mwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, ili kupata fedha za kutengeneza bandari. Na tangu mwaka 1994 sehemu ya fedha za bahati nasibu ya nchi hiyo imetumika kutengeneza majengo ya kale, makanisa yakiwamo. Kama fungu la kumi la fedha za namna hiyo lafaa kupokelewa, hilo tujadiliane na Padre wetu kwa utulivu.

Ila juu ya kuhesabu, Maandiko hayana mashaka. Katika Luka 14:28-30 Bwana anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa msingi usio na ukuta. Na katika Luka 12:16-21 anamtaja tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Huyo naye alihesabu. Alijua maghala yake hayatoshi na akapanga kujenga makubwa zaidi. Someni tena muone alisemezana na nani: ni yeye na nafsi yake tu. Hakuna mke, jirani, mtumishi wala maskini katika mashauri yake. Basi tunajifunza mambo mawili pamoja: tuhesabu, wala tusihesabu peke yetu.

Zoezi la nyumbani

Kila nyumba itwae karatasi moja jioni moja mwezi huu, fedha zisiwepo wala zisitarajiwe, na ijibu maswali haya:

1. Tunadaiwa nini, na nani, pamoja na madeni ya wema yasiyoandikwa?
2. Ni jambo gani moja ambalo shilingi 3,000,000 zingeweza kulimaliza kabisa? Bei yake ni kiasi gani leo?
3. Ni kazi gani tunayoijua tayari ambayo mtaji mdogo ungeiongeza?
4. Tungetenga kiasi gani kwa ndugu, na tungeanza na nani?
5. Katika orodha hiyo, ni jambo gani tunaloweza kulianza kwa shilingi 10,000 za mwezi huu?

Wanaoishi peke yao watafute rafiki mwaminifu wa kujibu naye. Vikundi vya akina mama na vya vijana vinaweza kufanya zoezi hili pamoja baada ya ibada, lakini karatasi ya kila nyumba ibaki kwa wenyewe. Jibu la swali la tano ndilo litakalofaa zaidi, kwa kuwa halingoji bahati ya mtu yeyote.